Funza wa Mwalimu

Babu yangu Halfani alikutazama miguu kabla ya kukutazama uso. Ulikuwa ukibisha hodi kwake Kolo, unavua viatu mlangoni, na kabla hajaitikia salamu macho yake yalikuwa yameshateremka kwenye vidole vyako. Wageni walidhani ni dharau. Vijana waliokuja kuwaposa shangazi zangu waliondoka pale wamelowa jasho. Bibi yangu Sikudhani, ambaye hakuwa na subira na mtu yeyote, alikuwa akipaza sauti kutoka jikoni: "Mwache mtoto wa watu aingie, Halfani! Vidole vyake vyote vipo!"

Sisi wajukuu tulikuwa tukicheka. Siku moja nikamuuliza kisa chake, naye akanieleza mambo ya Nzogole, kwa hasira, kana kwamba yametokea wiki ile. Nami nayaandika kwa hasira hiyo hiyo, maana tangu aliponieleza sijapata wa kunituliza.

Alizaliwa hapo hapo Kolo, upande wa Kondoa, mtoto wa mkulima wa vilimani aliyeuza tumbaku kidogo. Mjerumani alipotaka vijana wa kupeleka shule ya Tanga, wakubwa wa mji waliwaficha watoto wao wakatoa watoto wa watu wasio na sauti. Ndivyo babu alivyopata elimu. Alirudi bara anajua kusoma, kuandika, hesabu, kupiga ngoma ya gwaride, na Kijerumani cha kuitikia amri. Akamwoa Sikudhani, na kabla hajazoea kuitwa mume wa mtu akatumwa pamoja naye Ugogo, kijiji cha Nzogole, mwendo wa asubuhi moja kutoka Msalato, afungue shule ya serikali. Wakati huo reli ilikuwa inakaribia Dodoma na kila mwanamume mwenye nguvu alikuwa ama anabeba udongo wa reli ama amejificha asibebe.

Shule yenyewe ilikuwa tembe refu lenye paa la udongo, ndani yake magogo ya kukalia. Wanafunzi walikuwa watoto wa wafugaji, walioletwa na jumbe kwa amri. Kiswahili hawakukijua. Babu naye Kigogo hakukijua, kwa hiyo wiki za kwanza walifundishana kwa vidole na kwa kelele.

Kati yao alikuwamo Ndalu, mtoto wa mzee Chilewa. Huyu Kiswahili alikipata haraka, lakini hesabu alikuja nayo kutoka kwao, maana mtoto anayerudisha ng'ombe jioni lazima ajue nani hayupo kabla baba yake hajajua. Babu alikuwa akimwuliza swali, na Ndalu alikuwa akifumba macho, midomo ikicheza, kisha anatoa jibu. Alikuwa akiwaona ng'ombe mle kichwani. Babu akajiambia kwamba huyu atafika Tanga, na atafika kwa kuwa ametaka, si kwa kuwa mwingine amefichwa. Lilikuwa ndilo jambo moja alilolitaka Nzogole. Mengine yote yalikuwa kazi tu.

Miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri. Kisha magogo yakaanza kubaki wazi.

"Mhembano yuko wapi?"

"Anaumwa, mwalimu."

"Anaumwa nini?"

"Miguu."

"Na Lemanya?"

"Miguu."

Babu, ambaye Tanga alichapwa kwa kuchelewa ngoma mara moja tu, aliona huo ni uvivu uliotafutiwa jina. Alipeleka majina kwa Akida Athuman, mtu wa pwani aliyewekwa na boma kuwasimamia majumbe wa upande ule. Akida hakuwa na dawa nyingi. Alikuwa na moja, nayo ni kiboko: mtoto akikosa shule, baba yake analazwa chini anapigwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Kesho yake mtoto alikuja, akikanyaga kwa visigino na machozi yanamtoka, akakaa. Keshokutwa hakuja tena.

Siku moja babu akamshika mmoja wa hao wakanyaga visigino, akamkalisha, akauinua mguu. Vidole vilikuwa vimejaa vinundu vyeupe, kila kimoja na nukta nyeusi katikati, na kucha zimeinuka. Ni funza. Si funza wa nyama iliyooza, ni yule mdudu wa vumbi anayeingia kwenye ngozi ya mguu na kujenga mle. Wazee wa Nzogole walikumbuka enzi ambazo hakuwapo. Walisema alikuja na misafara. Lakini alipofika Ugogo alikuta ametandikiwa. Tembe la Mgogo linazunguka zizi, ng'ombe wanalala katikati, ndama wanalala ndani pamoja na watoto, na kiangazi mavi yale yanakauka yanakuwa vumbi laini. Watoto wanalala juu ya ngozi, chini, miguu ikiwa katika vumbi hilo.

Babu aliona aibu, na kwake yeye aibu ilikuwa inageuka hasira upesi. Akaanza na darasa. Akawafundisha watoto kusiliba sakafu kwa mavi mabichi na udongo, akafagia, na kila asubuhi kabla ya alfabeti ikawa ni miguu: kila mtoto juu ya gogo, mguu mbele, Sikudhani anapita na sindano na mafuta ya nyonyo. Waliofika walianza kutembea vizuri. Shida ilikuwa wale wasiofika. Akaenda tembe kwa tembe kuwaambia watu wanyunyize maji sakafuni na zizini, vumbi lilale.

Mama yake Ndalu alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka kwa namna ya mtu aliyechoka. "Mwalimu," akasema, "maji ya ndama hayatoshi. Sasa nikainyweshe sakafu?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Kiangazi maji ya Nzogole yalikuwa chini ya mchanga wa mto mkavu. Wanawake walichimba, wakaketi kusubiri yachuruzike, wakachota kwa kibuyu kidogo kidogo. Babu hakuwa mjinga, aliliona hilo. Akaona kwamba jambo lililo mkononi mwake ni moja tu, kile kiboko. Akafunga safari kwenda kwa akida.

"Akida," akamwambia, "watoto hawa si wakaidi, ni wagonjwa. Ukimpiga baba, mtoto anakuja akijikokota, na funza anakuja naye. Anamwacha kwenye vumbi la darasa, na kesho wagonjwa wanaongezeka."

"Unataka nini basi?"

"Mwenye funza akae kwao mpaka apone. Na baba yake asiguswe."

Akida Athuman akamtazama kwa huruma, ile ya mtu wa pwani akimtazama wa bara. "Mwalimu, watu hawa huwajui. Ukiwafungulia nafasi ndogo watapitisha ng'ombe wote."

"Mimi ni wa bara, Akida. Nawajua."

Hakuwajua. Mrangi kama yeye akijidai kumjua Mgogo kwa sababu wote ni wa bara, ni sawa na jirani yako kujidai anajua mnakula nini kwa sababu anaona moshi. Lakini alishikilia, akarudi tena na tena, mpaka akida akalipeleka jambo kwa Mjerumani, bwana wa boma, ili apate kupumzika. Bwana yule aliwaogopa funza kupita kiasi, akaliafiki mara moja. Ikawa amri.

Babu aliitangaza mwenyewe barazani kwa jumbe, moyo wake ukiwa mweupe. Mtoto mwenye funza asije shule. Akae kwao, atolewe funza, apone, ndipo arudi. Mzee Chilewa, baba yake Ndalu, aliomba arudiwe mwisho.

"Na baba yake hapigwi?"

"Hapigwi."

"Mpaka funza atoke?"

"Mpaka atoke."

Wazee wakatazamana, wakatikisa vichwa polepole. Babu akadhani wameguswa.

Wiki iliyofuata magogo yakawa wazi kuliko zamani. Babu hakushtuka. Akamweleza Sikudhani kwamba ndivyo inavyotakiwa, wagonjwa wanajitenga, wakipona watarudi wote kwa pamoja, atakosa pa kuwaweka. Alilala vizuri siku hizo. Sikudhani ndiye aliyemwamsha. Kigogo alikuwa amekishika haraka kuliko mumewe, kwa sababu ya kukaa na wanawake kisimani kusubiri maji.

"Halfani," akamwambia siku moja akitua mtungi, "wewe unafuga funza?"

"Nifuge funza wa nini?"

"Sijui. Huko kisimani nimekuta wanawatoa watoto funza, wanawatoa vizuri kabisa, halafu wanafika kwa mmoja wanaacha. Nikauliza mbona huyo mnamwacha. Wakaniambia, huyo ni wa mwalimu."

Babu alimtazama kama aliyetukanwa. Akachukua fimbo yake akaenda porini, kule ambako ng'ombe wa Nzogole walikuwa wakilishwa, na huko akaikuta shule yake. Mhembano yuko juu ya mti. Lemanya anawinda panya. Wengine wanakimbizana nyuma ya ndama. Walipomwona hawakukimbia, na hilo ndilo lililomuumiza. Walimjia kwa furaha, wakajipanga, wakainua miguu kama alivyowazoeza asubuhi darasani. Miguu safi, na kwenye kidole kikubwa cha kila mmoja funza mmoja, mnene, ametunzwa.

"Wako yupo, mwalimu!" wakasema. "Tazama, yupo!"

Hawakuwa wakimdhihaki. Kwao serikali ilikuwa ikidai kichwa kilipiwe, vijana watolewe kubeba udongo, na sasa mwalimu wake alikuwa amedai funza. Walimwekea wa kwake kama mtu anavyoweka pembeni kitu cha mkubwa. Na wazee nao walikuwa na sababu yao, sitawanyima. Vijana wao wakubwa walikuwa wamekwenda relini. Bila watoto wadogo, nani angechunga?

Ndalu peke yake hakuinua mguu. Alisimama nyuma ya wenzake, na babu alipomfikia akauliza, "Mwalimu, mmeshafika kwenye kugawanya?"

"Tumefika. Unataka kurudi?"

"Nataka. Lakini baba anasema wako bado hajaiva."

Babu alirudi akiongea peke yake njia nzima. Na hapa ndipo ninapomkasirikia yeye pia, babu yangu mpenzi, kwa sababu badala ya kukaa chini na Chilewa, kunywa uji wake na kuulizana nani atachunga siku gani, alikwenda tena kwa akida. Alitaka amri ifutwe.

Akida Athuman alicheka mpaka akakohoa. "Nilikwambia nini?" akasema. Kisha akafuta macho. "Lakini haifutwi. Nimwendee bwana nimwambie mwalimu amebadili mawazo? Tutaikaza tu. Askari watapita kwenye matembe. Mtoto aliye nyumbani bila funza, baba yake hamsa ishirini."

"Akida, hiyo itakuwa mbaya zaidi."

"Wewe ndiwe uliyesema funza. Sasa tutawatafuta hao funza."

Ikawa hivyo. Wachache walirudi shuleni, kwa hofu, na mwanzoni akida alijisifu. Lakini hebu fikiri kidogo, maana akida hakufikiri. Mtoto akitolewa funza leo, kesho hawezi kutembea, mashimo yanauma, yanatoa damu. Ni mgonjwa, na ushahidi wake umeshatupwa motoni. Mzee mmoja jirani yake Chilewa alipigwa kwa ajili hiyo. Alimwonyesha askari vidonda vya mtoto, askari akasema vidonda si funza, amri inasema funza. Tangu siku hiyo hakuna baba Nzogole aliyekubali mtoto atolewe yule wa mwisho, awe anachunga, awe anaumwa kweli. Walimlinda funza kuliko walivyoulinda mguu.

Kiangazi kilipofika katikati, Ndalu alikuwa hajaonekana muda mrefu. Babu alidhani amepelekwa malisho ya mbali. Sikudhani ndiye aliyesikia kisimani kwamba mtoto yuko nyumbani na hasimami. Babu aliondoka akiwa na sindano, mafuta na kitambaa, akafika kwa Chilewa adhuhuri. Akaamkia shikamoo, mzee akamjibu kwa mbukwa, salamu ya kwao. Harufu aliisikia kabla ya kuelekezwa. Ndalu alikuwa amelazwa kivulini kwenye ukuta wa zizi, mguu wa kushoto umevimba mpaka unang'aa, vidole viwili vimebadilika rangi. Mwili wote ulikuwa moto.

"Mzee, mtoto huyu anaoza," babu akasema. "Nipatie maji ya moto."

Chilewa akasimama kati yake na mtoto. "Usimguse, mwalimu."

"Kwa nini?"

"Kesho askari wanapita. Ukimtoa leo, nitawaonyesha nini?"

"Waonyeshe mguu! Hawana macho?"

"Jirani yangu aliwaonyesha mguu."

"Amri hiyo niliiomba mimi mwenyewe, mzee. Mimi ndiye nakwambia, mtoe!"

"Kama uliiomba, basi unaijua kuliko mimi," Chilewa akasema. Akashusha nguo begani, akageuka, akamwonyesha mgongo. Makovu yale yalikuwa ya siku zile babu alipokuwa akipeleka majina kwa akida. Chilewa hakueleza. Alipandisha nguo yake akabaki amesimama pale pale. Nyuma yake mama yake Ndalu alikuwa ameshapasha maji, amekishika chungu kwa vitambaa, anangoja mmoja wao ashinde.

Babu aliiweka sindano chini. Ndipo Ndalu akasema kutoka pale chini, kwa sauti ya kumtuliza, "Ni kesho tu, mwalimu."

Babu alitoka mbio. Alikwenda kwa akida jua likiwa bado kali, akipanga njiani maneno ya kumwambia, matamu na machungu. Akida hakuwapo, alikuwa amekwenda Dodoma kwenye mambo ya reli. Alikuwapo askari wake, Hasani, anakula. Babu akamsihi aje naye saa ile ile, amwone funza ili mtoto atolewe. Hasani akasema giza litawakuta njiani na simba wa upande ule hawaogopi kofia ya serikali, waondoke alfajiri, na kwa heshima ya mwalimu wataanza na tembe la Chilewa. Babu alilala pale, kama alilala.

Asubuhi walifika. Hasani aliinama, akaushika mguu kwa ncha ya vidole huku amegeuza pua, akamtafuta funza, akamwona.

"Yupo," akasema. Akamgeukia Chilewa, akampiga begani kirafiki. "Wewe huna kosa, mzee. Huyu anaumwa kweli." Akaenda tembe la pili.

Chilewa alimsubiri apotee. Kisha akainama, akaiokota sindano ya babu pale ilipoachwa jana, akampa. "Sasa mtoe," akasema.

Babu alimtoa. Alitoka funza yule na usaha mwingi, na mtoto hakulia, jambo lililomtisha babu kuliko kilio. Walifunga ngozi ya ng'ombe kwenye mti, wakamlaza, Chilewa akashika mbele na babu nyuma, wakambeba mpaka Dodoma, kwenye hospitali ya wafanyakazi wa reli. Hawakusemezana njiani ila kuambiana kuna jiwe au kuna shimo. Daktari alitazama mara moja. Alikata vidole vyote vya mguu wa kushoto na sehemu ya wayo, na akasema kama wangechelewa zaidi angekata hapo juu. Babu alimshika Ndalu mabega. Chilewa alimshika miguu.

Babu alipoeleza hapa alikuwa akisimama na kuzunguka chumba. Alikuwa akisema, "Usiku mmoja! Kwa ajili ya mdudu!" Nilimuuliza kama alimchukia Chilewa. Alisema alitamani kumchukia, ingempunguzia, lakini kila alipojaribu alikuwa akiuona ule mgongo.

Mvua za kwanza zilinyesha, vumbi likalala, funza wakapungua wenyewe bila amri ya mtu. Asubuhi moja babu alikuwa anapiga ngoma ya shule alipomwona Chilewa anakuja anamwongoza punda, na juu ya punda amekaa Ndalu. Mzee alimshusha, akampa fimbo, akamsimamisha mlangoni pa darasa.

"Kwa ng'ombe hafai tena," Chilewa akasema. "Hawezi kukimbia. Mchukue, mwalimu. Awe wako."

Alisema bila ubaya. Ndivyo mambo yalivyokuwa, akayasema. Babu akaipiga tena ngoma ambayo alikuwa ameshamaliza kuipiga.

Na Ndalu hakukosa. Mvua ikinyesha yupo. Mto ukijaa, baba yake anamvusha kwa punda. Wenzake waliitwa kupanda, kupalilia, kufukuza ndege kwenye uwele, na yeye alibaki kwenye gogo la mbele, mguu wake umefungwa kitambaa, anagawanya. Aligawanya kila alichopewa. Babu alikuwa na mwanafunzi aliyemtaka, kila siku, asubuhi mpaka mwisho, na kila siku alishindwa kumtazama sawasawa. Tanga hata hakuiulizia tena. Shule ile ilianza kwa gwaride, na mtoto asiyeweza gwaride hawakumpokea. Ila kazi ya miguu hakuiacha. Alikubaliana na wazee, mmoja mmoja, safari hii kwa uji na bila akida, kwamba watoto wachunge kwa zamu, na kwamba Sikudhani atawatoa funza wote kule kule kisimani, wote mpaka wa mwisho, na mwenye vidonda babu atamsemea mwenyewe mbele ya askari. Baadhi walikubali. Baadhi hawakumwamini, na sitawalaumu. Amri yenyewe ilibaki palepale.

Mvua zilipokwisha bwana wa boma alikuja kukagua shule. Darasa lilisilibwa, watoto wakaoshwa, akida akavaa kanzu mpya. Bwana alisikia kwamba Nzogole ilikuwa na matatizo ya mahudhurio, na alitaka kuona kama amri yake ya funza imeleta faida. Alisema Kiswahili kizuri, cha kukata maneno.

"Nani hapa hakukosa shule hata mara moja?" akauliza.

Watoto wakatazamana. Ndalu akajiegemeza kwenye fimbo, akasimama. Siku hiyo alikuwa amekalishwa nyuma ya mwenzake, na kutoka pale bwana aliposimama alionekana kuanzia kiunoni kwenda juu tu.

"Tangu mvua zianze, huyu hakukosa," akida akasema haraka. "Hata siku ya mto kujaa."

Babu alifungua mdomo. "Bwana," akaanza, "huyu mtoto..."

"Nitamsikia mwenyewe," bwana akasema, akatabasamu. "Kijana, umewezaje?"

Ndalu alifumba macho kidogo, kama alivyofanya kwenye hesabu, akatafuta jibu la kweli.

"Ng'ombe hawanitaki, bwana," akasema.

Akida akacheka. Hasani mlangoni akacheka. Bwana akacheka kuliko wote, akaona amempata mtoto mchangamfu. Akawageukia wengine, akanyoosha kidole kwa Ndalu.

"Mnamwona mwenzenu?" akasema. "Nataka ninyi nyote muwe kama huyu."

"Ndiyo, bwana!" wakaitikia kwa sauti moja, kama babu alivyowafundisha.